Nilivyojifunza Kumsemesha Binti wa Hadithi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, nilikuwa nimekaa juu ya dungu katikati ya mpunga wa Mbwera, miguu inaning'inia, teo la kurushia udongo mkononi, nikiwasimulia wanawake wazima habari za mapenzi ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Kila nikiikumbuka nacheka. Nisamehe, nitakuwa nacheka na hapa katikati.

Umenijia hapa Kibiti ukanambia unataka kutunga riwaya, kitabu kizima juu ya mwanamke na moyo wake. Vyema sana. Mimi watu huniita mtunzi, na vitabu vyangu wamevisoma waliovisoma. Lakini ufundi huu sikuupata shuleni. Niliupata wakati wa vita vya Maji Maji, huko topeni, kwa karipio la bibi mmoja mwenye meno machache na maneno mengi. Kaa kitako nikusimulie. Haraka haraka haina baraka, na hadithi ya haraka haina watu ndani yake.

Kwetu hasa ni Mohoro. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuoni, akisomesha watoto Kurani, na kabla hajafariki alinifundisha kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo watoto wa kike wengi wa siku zile hawakulipata. Alipokufa, mimi na mama tukawa chini ya baba mdogo, Mzee Shomari. Alikuwa mtu mkarimu, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: ukoo. Mgeni hamalizi kikombe cha kahawa kabla hajaambiwa kwamba sisi ni Washirazi, watu wa Kilwa ya kale, ambao damu yao haijaguswa na mtu wa bara. Nami nikalelewa hivyo, shingo juu. Nikiulizwa kabila langu, nilijibu, "Mimi mtu wa Mohoro," kana kwamba nimesema Maka.

Vita vilipowaka kule milima ya Matumbi, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa kiboko, Mohoro haikukalika tena. Boma la Wajerumani lilikuwa palepale mjini, askari wakajaa, kila siku habari mpya na kila habari mbaya kuliko ya jana. Baba mdogo alibaki kulinda nyumba. Mimi na mama akatupakia mtumbwini, pamoja na Bibi Somoe. Huyu Bibi Somoe alikuwa mdogo wake nyanya yangu mzaa baba. Kungwi mkubwa, aliyewafunda wanawali wa Mohoro mpaka wakawa nyanya na wao. Tukashuka mto, tukaingia vijito vya delta mpaka Mbwera, tulikokuwa na jamaa wa mama, Wandengereko wenye mashamba ya mpunga. Huko askari hawakupenda kuja. Mikoko imesongamana, na vijito vinafanana kama mapacha. Asiye mwenyeji huzunguka humo mpaka anakutana na alikotoka.

Usidhani tulikaa kwa kilio, mwanangu. Waliokufa walikufa, Mungu awarehemu, na kila mtumbwi ulioingia tuliuuliza habari zao. Lakini binadamu akikimbia kifo na kikamkosa, huwa mwepesi wa kucheka. Mpunga ulipotoa masuke tukahamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, tukawa tunawinga ndege mchana kutwa, tunapiga kelele na kurusha madonge ya udongo. Ndege wakitulia, wanawake hushika ukili wao wakasuka mikeka, na mimi nikatoa hadithi.

Nilikuwa na binti mmoja wa hadithi, jina lake Zainabu. Mwana wa sultani. Uso mwezi wa kumi na nne, shingo ya twiga, meno lulu. Mwana wa mfalme wa nchi ya mbali alimwona dirishani, akaanguka akazimia. Zainabu naye akazimia. Wakizinduka wanatazamana, wanazimia tena. Wanawake walisikiliza kwa adabu, nami nikajiona bingwa.

Wakati huohuo palikuwa na kijana akiitwa Matimbwa. Alikuwa Mmatumbi, ameshuka kutoka milimani na mama yake baada ya askari kuchoma nyumba zao na ghala lao la mtama. Wenyeji wakampokea, akawa anakwenda nao mikokoni kukata boriti. Kwa shoka hakuwa na mpinzani. Lakini kafi! Mtu wa milimani huyo na mtumbwi hawakuelewana hata kidogo. Akipiga kafi huku, mtumbwi unakwenda kule. Akiurudisha, unazunguka kama kuku mwenye kizunguzungu. Nami nilikuwa napita pale kijitoni kila siku, ndoo kichwani, nikimcheka waziwazi.

"Mtu wa milimani," nilimwambia, "mtumbwi si mbuzi, usiuvute masikio!"

Naye hakukasirika. Hilo liliniudhi.

Basi siku moja akaja mchuuzi wa chumvi na salamu kutoka Mohoro: baba mdogo amenipatia mume, Bwana Athumani, mfanyabiashara wa nguo, mtu mzima, mjane, mwenye heshima zake. Mavuno yakiisha watakuja kufunga ndoa hukohuko. Mama akanitazama. Mimi nikainama. Siku zile, na hata leo bado wapo wasemao hivyo, kimya cha mwali ni ridhaa. Mama akajibu kwa niaba yangu, "Mwambie shemeji tumesikia." Nami nikarudi kwenye hadithi yangu, nikamzimisha Zainabu tena.

Hapo ndipo Bibi Somoe alipoweka ukili wake chini.

"Mwajuma," aliniita, "huyu Zainabu wako anampenda yule mwana wa mfalme?"

"Anampenda mno, bibi."

"Kakwambia nani?"

Wanawake wakacheka. Nikajibu, "Nimesema mimi."

"Ndiyo hayo. Umesema wewe, yeye mwenyewe hajasema neno. Unampaka wanja, unamvika hariri, unamkalisha dirishani kama mwanasesere. Hana njaa huyo, hana kijicho, hata jasho hana! Mwanamke gani huyo? Mwana wa mfalme akiondoka, yeye anabaki na nini ndani?" Akanisogelea. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mjukuu wangu. Umeazima mapenzi ya watu wa mbali kwa kuwa unaogopa kuyatazama yaliyo karibu. Mtoe huyo mtoto katika jumba lake. Mlete hapa topeni. Halafu mwulize: wee, unataka nini?"

Lo! Nilinuna, mwanangu. Nilishuka dungu bila kuaga, nikachukua ndoo, nikaenda kijitoni kidevu juu. Na nani yuko pale kijitoni? Matimbwa, na mtumbwi wake umejaa boriti, anazunguka.

"Cheka basi," akanambia. "Leo hunicheki? Umeugua?"

Sikucheka. Badala yake nikamwuliza jambo ambalo watu wote Mbwera walikuwa wanaogopa kumwuliza. "Yale maji ya dawa, Matimbwa. Wewe ulinyunyiziwa?"

Akaliweka kafi magotini. Mtumbwi ukatulia wenyewe, kama uliokuwa unangoja aache kuusumbua.

"Nilinyunyiziwa. Na ndugu yangu vilevile. Walisema risasi zitageuka maji. Yeye ndiye aliyetangulia kujua kwamba hazigeuki." Akafuta tope kwenye kafi. "Lakini nikwambie, Mwajuma. Siku ile pale kwenye dawa tulisimama Wamatumbi, Wandengereko, Wangindo, na watu wa pwani pia. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ni wa ukoo gani. Kwa macho yangu, dawa niliyoiona ni ile tu."

Mimi, mwana wa mwalimu, mtu wa Mohoro, niliyekuwa na neno kwa kila mtu, nikabaki nimesimama, maji yananifika magotini. Naye akataka kuniondolea uzito ule, akashika kafi kwa fahari, akapiga pigo moja kubwa, akaupeleka mtumbwi moja kwa moja kwenye mizizi ya mkoko. Boriti zikamwagika, naye nyuma yake. Alipoibuka na matope mpaka kwenye kope, tulicheka mpaka nikashika mbavu. Alikuwa anacheka kwa sauti kuliko mimi.

Kesho yake nilipanda dungu nikawaambia wanawake, "Zainabu amehama."

"Amehamia wapi?"

"Ametoka jumba la sultani. Kumbe si mwana wa sultani. Baba yake alikuwa mwalimu, amekufa. Amekimbia vita, analala juu ya dungu, miguu yake inanuka tope, na ana kiburi kuliko mtu yeyote katika nchi ile."

Wanawake wakaacha kusuka. Nikaendelea, na ajabu ni kwamba sikujua neno litakalofuata mpaka nimelitamka. Nikasema Zainabu kila siku hupita kijitoni kumcheka kijana asiyejua kupiga kafi. Nikasema kipo kisima karibu zaidi, chenye maji matamu zaidi, lakini yeye hukiacha akazungukia kijitoni. Nilipofika hapo, nikakwama.

"Kwa nini anazungukia huko?" akauliza mmoja.

Nami nikajiuliza: kweli, kwa nini? Nikamtafuta Zainabu ndani, na aliyeibuka kujibu nilimtambua.

"Kwa sababu," nikasema polepole, "siku asipomwona, hata kucheka kunakuwa kazi."

Mwanangu, vigelegele vilivyopigwa hapo! Ndege wote wa shamba waliruka kwa mpigo, na wa mashamba ya jirani pia. Watu wa madungu ya mbali wakapiga kelele kuuliza nani kajifungua. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki; ila kikohozi changu, mimi mwenyewe nilikuwa wa mwisho kukisikia.

Mama peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa anasuka, macho kwenye ukili. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza bei ya samaki, "Huyo Zainabu, mama yake yu hai?"

"Yu hai," nikajibu.

"Zainabu ameposwa?"

"Ameposwa, mama."

"Alipoulizwa, alijibu nini?"

"Aliinama."

"Aliinama kwa ridhaa, au kwa lipi?"

Nikasema, "Aliinama kwa kuwa hakujua kama ndani yake mna mtu wa kuulizwa."

Mama akasuka kidogo, akasuka tena. "Basi mwambie Zainabu kwamba mama yake naye aliwahi kuinama. Akabahatika, akapata mume mwema, mwalimu. Lakini bahati si kitu cha kumwachia mtoto mkononi ukaondoka. Siku ikifika, aseme. Mama yake atakuwa pembeni." Akakata ukili kwa meno. "Na huyo kijana ajifunze kafi. Sitaki mkwe wa kunizamisha."

Tukacheka na kulia pamoja. Nikahofia jambo moja tu: je, mwenyewe Matimbwa ananitaka? Bibi Somoe akanipiga kofi la mgongoni. "Mama yake Matimbwa alinijia kukuulizia tangu mwezi ule walioingia! Nilikuwa nakungoja wewe uamke."

Mavuno yakaisha. Akaja baba mdogo, amevaa joho lake zuri, pamoja na Bwana Athumani, na mwalimu wa kufungisha ndoa. Tukapika wali wa mpunga mpya na samaki wa nazi. Mimi nikawekwa nyuma ya pazia la mkeka, mama kushoto, Bibi Somoe kulia. Mwalimu akaja na mashahidi, akauliza kwa upole, "Mwajuma, baba yako mdogo anakuoza kwa Bwana Athumani. Umeridhia?"

Nilifungua mdomo, hamna sauti. Nikafungua tena, hamna. Kutunga hadithi ni kitu kimoja, mwanangu. Kusema la kwako mbele ya wazee ni kingine kabisa. Mkono wa mama ukanishika kiganja.

"Amenyamaza," akasema baba mdogo. "Ameridhia. Tuendelee."

"La, baba." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Sijaridhia. Nilinyamaza nikitafuta adabu ya kusema. Bwana Athumani ni mtu wa heshima, simwoni kosa. Lakini moyo wangu hauko kwake, na sitaki kumpelekea nyumba tupu."

Baba mdogo akawa kama aliyemeza mwiba. Mwalimu akafunga kitabu chake, akasema, "Mwali kasema. Hapa hapana ndoa." Wote tukamgojea Bwana Athumani. Na Bwana Athumani, mwanangu, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Marehemu mke wangu nilimwoa kwa kimya. Alikuwa mke mwema, lakini alichokinyamazia nilikuja kukijua tumeshapata watoto, na kinaniuma mpaka leo. Binti, Mungu akulipe. Sasa jamani, huo wali si unapoa?"

Lakini baba mdogo hakuwa na hamu ya wali. Akauliza ni nani basi, akaambiwa. Akasimama. "Mtu wa milimani! Katika ukoo huu? Ukoo ambao damu yake..."

"Shomari," Bibi Somoe akamkata, bila kupandisha sauti, "keti mwanangu. Mimi na marehemu mama yako tumezaliwa wapi?"

"Mohoro, mama mdogo."

"Kipatimu. Huko huko milimani. Tulishuka mwaka wa njaa nyuma ya mama yetu, mimi mgongoni, dada yangu kwa miguu na kikapu cha mtama kichwani. Baba yako akampenda akamwoa. Wewe umenyonya maziwa ya milimani, na hayakukudhuru."

Baba mdogo akaketi. "Mbona mama hakunambia?"

"Alikwambia kila siku. Alikuwa akikuimbia Kimatumbi kukulaza. Ulipokua ukaenda chuoni ukajifunza kuona haya, ukamkataza. Akanyamaza."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akibadilika vile. Alitazama mikono yake muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto, "Huo wimbo unaujua?"

Bibi Somoe akauimba, kwa lile koo lake lililokauka. Nikamchungulia baba mdogo kupitia mkekani. Midomo yake ilikuwa inacheza. Maneno aliyoyasahau kwa miaka yote ile yalikuwa yanamtoka moja moja, mpaka wakamaliza wimbo wakiimba wawili. Nami nilikuwa nimekaa palepale, mtu wa Mohoro, Mmatumbi kwa nyanya, Mndengereko kwa mama, nikajiona sijapungukiwa na kitu, nimekuwa wengi.

"Mwiteni huyo kijana," baba mdogo akasema, akijifuta macho kwa ncha ya joho. "Aje tule."

Ndoa yetu ilifungwa kabla mwezi haujaandama. Bwana Athumani alituma kanga za kufunika mtumbwi mzima, na swali, maana hadithi yangu alishasimuliwa: Zainabu aliishia wapi? Nilimjibu kwamba hajaishia. Watu wa Mbwera walimzuia bwana harusi asishike kafi, wakampakia katikati kama gunia, naye akapunga mikono kwa watu kama sultani. Tuliishi naye miaka mingi, tukazaa, tukazika, tukacheka. Kafi alikuja kulijua, japo si sana.

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukitaka kuandika mapenzi, usianze na macho ya mpendwa. Anza na aliyemo ndani yako, umwulize anataka nini, umngoje ajibu, hata jibu likikuaibisha. Mficha uchi hazai, na mtunzi anayejificha huzaa wanasesere. Usimtangulie binti yako wa hadithi kwa kumsemea. Mpe nafasi aseme, hata akisema usichokipanga, hapo hasa ndipo alipo hai. Usionee haya ulikotoka. Mwacha asili ni mtumwa, na asili yako huenda ni pana kuliko ulivyoambiwa. Ulizia kwa wazee wa kike, wao ndio wanaojua nyimbo. Na ukiulizwa na dunia kama umeridhia, jibu kwa adabu, lakini jibu. Watu wema wapo wengi kuliko unavyodhani, wanangoja tu kusikia kweli yako ili nao wapumue.

Nenda sasa ukaandike. Mola akufungulie ulimi na moyo, akupe watu wa kukusikiliza, na mmoja wa kukuchekesha. Akupe mikono isiyochoka na macho yasiyodharau mtu. Na siku utakapomaliza kitabu chako, akupe furaha ya kusikia mtu usiyemjua akisema: huyu kaniandika mimi. Amina, mwanangu, amina.